Mshale wa Kurudi

Charlène Mapendo alikuwa binti wa kwanza wa Cimpunda, mtaa wetu hapa Bukavu, kuvaa sare ya akademi ya kijeshi, na alivuliwa kwa sababu ya neno moja alilokataa kulifuta. Watu wengi wanasema alijiharibia mwenyewe. Wanasema hivyo bombani, sokoni, hata kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuwasikia.

Tulikulia ua mmoja. Mama yake, Mama Rosalie, anauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Baba yake alifariki Charlène akiwa bado mdogo. Mwanamume aliyebaki katika ukoo wa mama yake alikuwa mjomba wake Placide, kaka wa Mama Rosalie, aliyelima mihogo na migazi, yaani michikichi, katika kijiji kimoja upande wa Bunyakiri. Kila akishuka Bukavu alimletea Charlène redio mbovu, saa mbovu, chochote kilichokufa, akamwambia, "Haya docteur, fufua." Mara nyingine vilifufuka.

Charlène alikuwa anamaliza sekondari wakati wanaume wenye silaha walipoonekana wakivuka bonde kuelekea kijiji cha Placide. Jua lilikuwa bado juu. Placide alipanda mahali penye réseau ya simu, akapiga simu katika kituo cha jeshi kilicho kwenye barabara kubwa. Mwanajeshi aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kifaransa, "Bien reçu, papa," yaani ujumbe umepokelewa vizuri. Placide akampigia dada yake hapa mjini.

"Rosalie, usiogope. Nimeita ba soldats, bamesema bien reçu. Tunabangojea."

Ndivyo watu wetu wanavyolielewa neno hilo. Ukimpigia fundi ukamwambia paa limevuja, akakujibu "reçu", unamwekea ngazi tayari. Kijiji kizima kilielewa hivyo. Msitu ulikuwa nyuma ya migomba yao, na walikuwa na muda wa kutosha wa kuingia humo na watoto wao. Hawakuingia. Walifunga milango, wakangoja gari la jeshi. Gari lilifika kesho yake, likakuta nyumba zinafuka moshi. Placide na mkewe walizikwa pamoja, na sikuona mtu yeyote mwenye cheo akija kutoa rambirambi.

Mwaka uliofuata Charlène alifanya mtihani wa kuingia akademi, akafaulu. Mtaa ulishangaa. Mama Christine, jirani yetu anayesuka nywele, alimuuliza mbele ya foleni ya bidoni za maji, "Sasa kule utasoma nini, kupiga bunduki?"

"Uhandisi wa mifumo, Mama Christine. Ingénierie des systèmes."

"Système? Ile ya kuiba courant ya umeme ku poteau? Lakini ile hata jirani Papa Didier anaijua, na hakuenda masomo!"

Foleni nzima ilicheka, na Charlène naye alicheka. Lakini mimi aliniambia kwa nini anaenda. Alitaka kujua ile simu ya mjomba wake ilifia wapi.

Alijua mapema kuliko alivyotegemea. Katika mwaka wa kwanza, huko mbali magharibi mwa nchi, walikuwa na somo la mawasiliano ya redio. Mwalimu alikuwa mtu wa mizaha. Aliuliza darasa, "Bien reçu maana yake nini?" Charlène akainua mkono.

"Maana yake munakuja kusaidia, mwalimu."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alijifuta machozi.

"Hapana, mutoto wa Bukavu. Maana yake masikio yangu yanafanya kazi. Basi. Kuja ni ordre ingine ya mukubwa."

Aliponipigia simu siku ile hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yule soldat hakumudanganya tonton Placide," alisema. "Njo kitu inaniuma. Hakumudanganya hata kidogo. Alisema kweli mu luga ya bo, tonton akasikia mu luga yetu."

Fikirieni hilo. Watu wamekufa kwa sababu jeshi lina Kifaransa chake na raia ana Kifaransa chake, na katika miaka yote hii ya vita hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona ni kazi yake kuvipatanisha. Wana pesa za gwaride. Wana pesa za bendera mpya na viti vya wageni. Kumweleza mzee wa Bunyakiri maana ya maneno mawili, hapo hawana muda.

Charlène aliamua kuwa hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Katika uhandisi wa mifumo, alivyonieleza, unachora kila sehemu kama sanduku, na kila ujumbe unaotoka sanduku moja kwenda lingine unauchora kama mshale. Kisha unauliza swali moja gumu: je, aliyetuma anajua kilichofanyika? Kama hakuna mshale unaorudi kwake, mfumo wako ni kipofu. Alichora kijiji, kituo, na batayoni. Mishale yote ilikuwa inapanda. Hakuna hata mmoja uliokuwa unashuka.

Kwa hiyo kazi yake ya kumaliza masomo, ile tunayoiita mémoire, ilikuwa kuuchora mshale wa kurudi. Alipendekeza sheria fupi. Mwanajeshi anayepokea simu ya hatari kutoka kwa raia asiseme tena "bien reçu". Kabla ya kukata simu, aseme neno moja kati ya mawili, kwa Kiswahili: "Tunakuja", au "Kimbieni". Neno la tatu hakuna. Kama gari lina mafuta na amri imetolewa, tunakuja. Kama gari limeharibika, kimbieni. Kama kamanda hapatikani, kimbieni. Kama hujui, kimbieni. Hakuhitaji mashine mpya wala antena mpya. Kapteni Gentil, aliyemwongoza, alisema hajawahi kusoma kazi fupi namna ile inayoweza kuokoa watu wengi namna ile.

Alitetea kazi yake mbele ya jury, jopo la watahini, mwaka 2023. Aliyeongoza alikuwa kanali. Alitazama michoro yote akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kwenye lile neno la pili.

"Élève-officier Mapendo, jeshi la taifa linaweza kumwambia raia akimbie?"

"Kama haliwezi kufika, ndiyo, mon colonel."

"Mwanajeshi anayesema 'kimbieni' anaitwaje?"

"Mkweli, mon colonel."

Wanafunzi waliokaa nyuma walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichommaliza. Kanali alifunga kabrasha. Alisema kazi ni nzuri, hesabu ni safi, lakini neno lile ni la kushindwa, na jeshi halifundishi kushindwa. Akampa nafasi: arudi katika sesheni ya pili ya mtihani, mémoire ileile, neno lile likiwa limebadilishwa. Hata neno la kuweka alimpa. Mahali pa "Kimbieni" aandike "Tulieni".

Alirudi Bukavu kungoja sesheni ya pili. Hakumweleza mama yake yote. Alisema tu jury imetaka abadilishe neno moja.

Mtaani habari ilienea kabla hajafungua sanduku lake. Tonton Adalbert, mdogo wa marehemu baba yake, adjudant mstaafu aliyetumikia jeshi chini ya majina yake mbalimbali, alikuja siku ya Jumapili kumweka sawa. Tulikuwa tunakula bugali na sambaza. Mimi nilikuwepo kwa sababu katika nyumba ile huwa siulizwi kama nimekula.

"Mwana na ngai," Adalbert alianza, yaani "mwanangu" kwa Lingala yake ya kambini, "weye unapigana na colonel ju ya neno moja? Neno! Ingekuwa hata phrase, ningeelewa."

"Tonton, ile neno njo kazi yenyewe."

"Sikia. Mu jeshi unapiga salut, unapata galon ku mabega, unapanda. Ukisha kupanda, njo unaandika maneno yako yote. Hata dictionnaire, uandike."

"Weye ulipiga salut miaka yote, tonton."

"Njo! Na unaniona, niko muzima."

"Ulipanda. Uliandika neno gani?"

Adalbert aliacha kutafuna. Nilitamani kucheka, nikashindwa. Yeye si mtu mbaya. Lakini nimewachoka watu wa aina yake, na nchi hii imejaa wao: wote wananyamaza leo ili waje kusema kesho, na kesho ikifika wamekwisha kusahau walichotaka kusema.

Mama Rosalie aligonga mwiko kwenye sufuria. "Charlène, heshima! Ule ni baba yako mudogo." Kisha akamgeukia binti yake kwa sauti nyingine, ya kuomba. "Mutoto yangu, miye nasimama mu soko na mvua na jua. Kila mutu ananiita Mama Luteni. Banakuomba kitu moja kidogo. Badilisha, umalize, tupumuzike. Neno gani ile inakushinda kuandika?"

Charlène alitazama sahani yake.

"Banataka niandike 'Tulieni', mama."

Mama Rosalie aliweka mwiko chini, taratibu, pembeni ya jiko. Adalbert akaona ameshinda: "Unaona? Neno muzuri tu, ya amani."

"Nyamaza, Adalbert," alisema Mama Rosalie.

Hakuwahi kumwita kwa jina bila "shemeji" mbele.

"Siku Placide aliniita ku simu," alisema, "alinielezea bamesema reçu. Kisha akaniuliza: Rosalie, unaonaje, tuende mu pori ao tubaki? Aliniuliza miye. Miye nikamujibu: kama ba soldats bamesema, basi tulia, kaka. Tulia." Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu. "Hii neno niko naisikia kila siku. Nikiwa napima sambaza, naisikia."

Charlène alinyanyuka kwenda kwake, lakini mama yake alimzuia kwa kiganja.

"Hapana. Keti. Bale bantu bako na mafuta? Bako na gari?"

"Siku ingine bako nayo, mama. Siku ingine hapana."

"Na siku hawana, banataka mutu abaki mu nyumba, atulie?"

"Njo ile banataka."

"Basi usiandike," alisema Mama Rosalie. "Hata bakufukuze. Usiandike ile kitu na mukono nilizala miye."

Adalbert alichukua kofia yake akaondoka bila kumaliza chakula. Alipofika mlangoni alisema wanawake wa nyumba hii wataliwa na kiburi.

Katika sesheni ya pili, Charlène alisimama mbele ya jury ileile. Kapteni Gentil alikuwa amemsihi aweke angalau neno la katikati, "Jihadharini", ili kanali asiaibike. Alilifikiria kwa siku kadhaa, na kwa haki yote alilipima kama mhandisi: mtu aliye ndani ya nyumba, adui akiwa bondeni, akisikia "jihadharini" atafanya nini? Atafunga mlango. Akaliacha.

Kanali alifungua ukurasa mmoja tu. "Neno bado lipo."

"Lipo, mon colonel."

"Unajua maana yake kwako?"

"Najua. Na najua maana ya lile lingine kwa wanavijiji."

Hawakumwuliza swali jingine. Miaka mitano ya masomo: hesabu, fizikia, mbio za alfajiri, matope, matusi ya wavulana waliomwambia mwanamke hawezi kusoma ramani. Hawakumwuliza hata swali moja juu ya hayo. Walimpa karatasi inayosema ameondolewa kwa kukosa nidhamu. Alirudisha sare, buti na mkanda, akaondoka na nguo alizokuja nazo.

Siku ile alimpigia mama yake akiwa bado kwenye geti. Simu ya Mama Rosalie husikika ua mzima, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, bamekataa."

"Umekula?" aliuliza Mama Rosalie.

"Bado."

"Kula kwanza. Kisha uje."

Leo Charlène anafundisha hesabu katika shule ya sekondari huko Bagira, na watu wanampungia mkono barabarani kwa huruma, kana kwamba ni mgonjwa. Waacheni. Wagonjwa ni wengine. Mgonjwa ni mkubwa anayeogopa neno la Kiswahili kuliko anavyoogopa kijiji kuungua. Na sisi wenye masomo, tulio na diploma zetu tulizopewa bila kukataa kitu chochote, sijui kama tuko wazima.

Nilipomwambia nitaandika habari hizi, nilitaka kumtaja kanali yule kwa jina lake lote, na cheo, na mahali anapokaa. Charlène alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuinua kichwa.

"Jina hapana."

"Ju ya nini? Unamuogopa?"

"Ukiandika jina, batatoa ye, batakalisha mwingine ku kiti yake, na ye atauliza vilevile. Andika ile kiti."

"Kiti haiwezi kuona haya."

"Andika tu kiti," alisema, akachukua daftari jingine.

Nimemtii, kwa shida.