Siku Niliyounganisha Mikia ya Nota za Baba

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu Deo wetu wa besi ameshaanza kuisimulia huko kijiweni kwa namna yake, na kwa anavyosimulia yeye mimi ni kichaa kabisa, kwa hiyo bora mnicheke kwa habari za uhakika. Ni kweli, niliharibu misa ya jubilei ya wazazi wangu mwenyewe. Sikugombana na mtu, sikuchelewa, sikunywa. Nilibonyeza tu kitu kimoja kwenye kompyuta.

Mnanijua mimi Tekla, mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa mjini, na jioni nikishafunga duka kazi yangu ni kuandika nota kwenye laptop. Wazazi wangu wako huko juu milimani, upande wa Mgeta, wanalima karoti na kabichi. Walipokaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa, Baba alishuka mjini na karatasi ameikunja ndani ya kofia, nikampa shikamoo yake, akaitikia, akanywa chai yote, halafu ndipo akasema, "Nimetunga wimbo. Wa mama yako. Asijue."

Sasa mumwelewe Baba. Si mtu wa maneno. Mama akipika, yeye akashiba, anasema "haya." Mama aliwahi kulazwa, Baba akakaa pale kwenye benchi la hospitali hata kula hataki, na siku Mama aliporuhusiwa akamwambia nini? "Haya, twende." Miaka hamsini ya "haya"! Lakini nota anazijua, alifundishwa ujanani kwenye kwaya ya misheni. Beti mbili za kwanza zilikuwa za kumshukuru Mungu, ila ya tatu aliandika iimbwe na besi peke yao, nayo ilianza hivi: *Mke wangu, ulinipokea sina kitu.* Nikamuuliza kwa nini besi peke yao. Akasema, "Si ndiyo sauti yangu." Nikajifanya natafuta chaja, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Nikauandika wimbo vizuri, nikatoa kopi, tukaanza mazoezi. Soprano na alto wakauweka kichwani kwa wiki mbili. Besi (nyie besi wa kwaya yetu mnawajua, huyu yuko safarini na lori, huyu ana fundi nyumbani) walikuja mara moja tu, wakaimba beti mbili za kwanza, na nilipowaambia tuingie ya tatu Deo akakunja karatasi yake. "Dada Tekla, sisi tunasoma nota. Huo tutausoma palepale." Na kweli Deo anasoma. Deo ukimpa karatasi ataimba kilichoandikwa, hata kama ni doa la chai.

Basi, Ijumaa kabla ya safari ya kwaya kwenda Mgeta nilikuwa najifanyia mazoezi ya kinanda nikaona macho yananisumbua. Nota zile fupi, zikisimama mojamoja, kila moja ina kamkia kake pembeni, na ukurasa mzima ulikuwa mikia mitupu. Sisi wapiga kinanda tunapenda nota fupi ziunganishwe juu kwa mstari mmoja mnene, nne nne, unaona mapigo yako mara moja na vidole vinajua pa kwenda. Kwenye programu kuna mahali pa kupanga hilo. Ningeweza kuchagua mistari yangu ya kinanda peke yake, lakini hilo linataka kubonyeza mara nyingi, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikabonyeza: wimbo wote. Lo, ukurasa ukatulia ukawa safi! Nikaupenda mno hata nikaenda stesheneri kutoa kopi mpya za kwaya nzima, na zile za zamani zenye alama za kalamu nikazikusanya zote nikaziacha nyumbani. (Hapo ndipo Deo husema, "Shetani hakuhitaji hata kusukuma.")

Kumbe nilisahau jambo ambalo kila mwanakwaya hufundishwa siku ya kwanza. Kwenye kuimba, nota yenye mkia wake peke yake ina silabi yake. Ukiona nota zimeunganishwa juu kwa mstari, maana yake silabi moja inavutwa kupita zote hizo. Kwangu mimi ule mstari ulikuwa wa kupumzisha macho. Kwa besi ulikuwa amri.

Jumapili kanisa la kigango lilijaa, ukungu unaingia mpaka mlangoni, Baba ndani ya suti ya kuazima, Mama na shada lake shingoni, wamekaa mbele kwenye viti vyao. Baada ya komunyo tukasimama na wimbo wa Baba. Beti ya kwanza, safi. Ya pili, safi, maana wengine waliujua kwa kichwa, besi wakawafuata, na karatasi walishika kwa heshima tu. Nikamwona Baba anashika magoti yake kwa mikono miwili, akijua kinachofuata ni yeye.

Besi wakanyanyua karatasi.

"Mmm-mmm-mmm-mmm!" Halafu, "Keee-eee-eee-eee!"

Nilidhani wanatania. Lakini Deo alikuwa amekaza macho kwenye karatasi, mishipa ya shingo imemtoka, anavuta silabi moja kwenye nota nne kama ilivyoandikwa, na wenzake nyuma yake. "Waaa-aaa-aaa-aaa!" Watoto wakaanza kucheka, mmoja akalia kama ng'ombe. Wimbo ulipofika mwisho wa mstari besi walikuwa hawajamaliza hata "mke wangu," nota zimeisha na maneno yamebaki. Mmoja akaruka kwenda "sina kitu," mwingine akarudi mwanzo, wale wa sauti ya teno wakaingia kusaidia jambo wasilolijua. Mimi nikasema ngoja niongeze sauti ya kinanda iwafunike, kumbe nikabonyeza pembeni, kwenye kitufe cha kuanzisha mdundo.

Ikalia rumba. Rumba, baada ya komunyo! Bibi mmoja nyuma akajua sasa ndiyo zamu ya zawadi, akapiga kigelegele, kina mama wakatoka na vitenge na sufuria wakicheza kwenda mbele, na Padre masikini akabaki amesimama na kitabu chake. Nilipopata kitufe cha kuuzima mdundo, wimbo wa Baba ulikuwa umeshakufa na hakuna aliyeuulizia. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimwona, na niliumia, sitaki kuwadanganya.

Nje kwenye pilau nilijificha nyuma ya turubai, karibu na walipokaa wazazi. Nilikuwa natafuta namna ya kwenda kuomba radhi. Mama akaanza yeye.

"Baba Tekla, wale vijana walikuwa wanaimba nini pale? Mmm, mmm."

"Waulize wenyewe."

"Nakuuliza wewe. Padre ametangaza wewe ndiye uliyetunga."

Baba akasogeza nyama sahanini, akairudisha. Nikajua sasa atasema "haya." Akakohoa.

"Nilisema, mke wangu, ulinipokea sina kitu. Ukalala nyumba ya mlango wa gunia, na baridi ya huku. Hukuninung'unikia. Kila nilichonacho nimekikuta mikononi mwako." Akaigusa tena ile nyama. "Ndiyo hivyo. Wimbo ulikuwa na sauti nzuri lakini."

Mama akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaweka sahani chini.

"Sema tena," akamwambia.

Na Baba, yule Baba, akasema tena.

Nilimwendea jioni nikapiga magoti nikamweleza yote, mikia, mistari, uvivu wangu. Nikamwahidi kwamba sitagusa tena mpangilio ule kwenye nota za waimbaji maisha yangu yote, na ahadi hiyo naishika hadi leo, kinanda changu nakisoma na mikia yake hivyohivyo, macho yaniume tu. Wiki iliyofuata nikampelekea kopi iliyosahihishwa, kila silabi na nota yake, nikamwambia kwaya iko tayari kurudi kuuimba vizuri na Deo ameapa kuhudhuria mazoezi yote. Baba akaitazama taa ya jikoni Mama alikokuwa, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kofia.

"Haya," akasema. "Ila msijisumbue. Ameshasikia."