Waranti ya Miaka Mitatu

Baba yangu alifanya kazi ya ukalimani mahakamani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hadi leo hawezi kununua hata kijiko bila kukihoji. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anataka laptopu ya kuandikia habari za maisha yake, nilijua nimepata kazi. Asubuhi moja nilimfuata nyumbani kwake Riruta nikamkuta amevaa tai. Tai, ya kwenda dukani Ngara.

"Baba, tunaenda kununua laptopu, si kuposa."

"Mama, mtu akienda kutoa pesa zake, aende kama mtu."

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu. Hulitumia neno hilo hasa anapotaka kuninyamazisha.

Kuna jambo lililokuwa likinikera, na ni afadhali niliseme sasa. Tangu daktari amwambie kwamba moyo wake umechoka, Baba alikuwa ameanza kuishi kwa vipande vidogo vidogo. Alikataa kushona suti mpya. Nilipomletea mche wa parachichi, alimpa jirani, akasema yeye sukuma wiki inamtosha, maana haichukui muda kukomaa. Hakulalamika wala hakulia. Alikuwa tu anafunga virago polepole huku akitabasamu, na mimi nilikuwa na hasira naye. Laptopu ilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka kwa miezi mingi.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi wa rika langu, miwani ikining'inia kifuani, ambaye familia yake imeuza vitu vya umeme hapo Ngara tangu enzi za redio za betri. Baba alimsalimu kwa Kiswahili chake cha kortini.

"Binti, tunatafuta kipakatalishi."

Yule mama akanigeukia mimi. "Anataka nini?"

"Laptopu."

"Si aseme tu! Karibu mzee, laptop iko mingi sana."

Baba alizigonga moja moja kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Akachagua nyeusi yenye herufi kubwa, akauliza ilitengenezwa wapi na nani ana ushahidi. Yule mama alijibu kwa subira, kisha akainamia kaunta.

"Sasa mzee, hii iko na warranty mwaka moja. Ukiongeza kitu kidogo, nakupea miaka tatu. Ikiharibika unaleta hapa, natengeneza bure."

Hapo ndipo penye ujuzi wangu. Niliwahi kununua nyongeza kama hiyo ya friji, na mpira wa mlango ulipolegea nikaambiwa mpira si friji. Tangu siku hiyo nimewahubiria ndugu, majirani na hata watu tusiojuana kwenye foleni za benki. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nikatae, lakini Baba aliniwahi.

"Waranti?" Aliondoa mkono kwenye mashine. "Binti, mimi nimesoma waranti nyingi kortini. Waranti ni karatasi ya kumkamata mtu. Hii mashine imefanya nini?"

"Hapana, mzee! Hii ni ya kulinda."

"Ya kulinda ni dhamana."

"Dhamana si ile ya kutoa mtu cell?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kwani laptop yangu iko cell?"

Wakazozana karibu robo saa. Bwana mmoja aliyekuja kununua chaja alimuunga mkono Baba; mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema jamani, iitwe vyovyote, yeye anataka kuhudumiwa. Mimi nilikalia katoni ya printa nikawaacha, maana ilikuwa muda mrefu tangu nimwone Baba akifurahia ugomvi namna ile.

Hatimaye akauliza, "Na hiyo dhamana yako umesema ni ya muda gani?"

"Miaka tatu, mzee."

Baba akacheka kidogo, na yule mama naye akacheka. "Mitatu! Hapana, binti. Huo mmoja unanitosha. Baada ya hapo mashine itakuwa nzima, ila mwenyewe ndiye..." Akapunga mkono, sentensi ikaishia hapo.

Yule mama aliacha kucheka. Mimi nilisimama.

"Tunachukua ya miaka mitatu," nikasema, kwa ukali nisioukusudia.

Baba alinitazama. "Wewe? Wewe uliyetusumbua Krismasi nzima na habari za mpira wa friji?"

"Mimi."

"Ni kutupa pesa. Umesema mwenyewe."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Ningeweza kusema kwamba umeme wa Riruta hukatika ovyo, naye angekubali. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Kwa sababu unaongea kama mtu aliyekwisha kuondoka, Baba, na mimi sijakuruhusu. Ninaogopa."

Bwana wa chaja alianza kusoma maandishi ya paketi yake kwa bidii. Baba aliivuta ile fomu akaisoma yote, mbele na nyuma, midomo ikicheza kama alivyokuwa akisoma hati za mashtaka. Alipofika chini, akaweka kidole penye mstari wa sahihi.

"Dhamana haikamiliki bila mdhamini, mama. Pale kortini hakimu alikuwa anamuuliza mdhamini, nami namtafsiria: siku ikifika, utamleta mtu huyu hapa?"

"Na wao walikuwa wanajibu nini?"

"Ndiyo. Wote walijibu ndiyo. Hata wasiojua watafanyaje."

Akanisogezea kalamu. Nikatia sahihi. Yule mama akagonga muhuri, kisha akaandika tarehe ya mwisho, miaka mitatu mbele. Baba akaisoma kwa sauti, siku, mwezi na mwaka.

"Hiyo isije ikawa Jumapili," akasema. "Jumapili mnafunga."

Mama wa duka alivaa miwani, akafungua kalenda ya simu, akasukuma miezi kwa kidole hadi akaifikia. "Iko Alhamisi, mzee. Tunafungua saa tatu."

"Basi andika hapo pembeni, saa tatu," Baba akasema. "Huyu atanileta."