Mtu wa Nyuma

Vijana wa siku hizi wanasema beki. Sisi katika kambi ya reli, hapa Dodoma, enzi za Mjerumani, tulisema mtu wa nyuma, na mtu wa nyuma nilikuwa mimi. Wakinisifu kwamba katika miaka yangu yote ya mpira sikumwangusha mtu, wanadhani ulikuwa upole. Ilikuwa hofu tupu.

Mpira aliuleta mhandisi, Mjerumani mwenye miguu mirefu, naye alichezea upande wa mafundi. Sisi wabeba mataruma ya kulazia reli tulikuwa timu ya mnyapara wetu, Mgogo mwenzangu, mtu asiyejua kushindwa. Magoli yenyewe yalikuwa marundo ya mataruma. Mnyapara alinitoa kwenye kubeba, akaniongezea posho ya unga, kazi yangu ikawa moja: mpira usipite. Ukipita, ananichapa. Na nikimwangusha mzungu, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya kambi nzima. Nilikuwa nimeshamwona mtu aliyevionja. Alikuwa akila amesimama.

Kwa hiyo nilicheza kama nilivyozuia ndama nyumbani. Ndama akitaka kumkimbilia mama yake kabla hajakamuliwa, humpigi. Unasimama mlangoni pa zizi, unamtazama mabega, na anakotaka kupita unakuwa umeshafika. Ndivyo nilivyomtazama mhandisi. Mpira niliutoa miguuni pake bila kugusa hata soksi yake, watu wakashangilia. Mimi kila Jumapili nilikwenda uwanjani nikiomba mvua inyeshe, tena wakati wa kiangazi, Ugogoni!

Jumapili moja, tukiwa tunaongoza kwa bao moja, mhandisi alinijia mbio na mpira, akakanyaga shimo la panya, akaanguka kwa kishindo. Sikumgusa, Mungu ni shahidi. Lakini pembeni nikaona askari wa kambi, mwenye kiboko, ananitazama. Bila kuambiwa na mtu nikalala kifudifudi palepale, karibu na mzungu, nikafumba macho, nikangoja.

Nilichosikia ni kicheko. Mhandisi alikuwa ameinuka, anajipangusa vumbi.

"Wewe lala nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. "Shimo hii! Simama, simama!"

Nikasimama. Mafundi walikuwa wanacheka, askari naye anacheka, hata mimi nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Sijawahi kuona raha kama ile. Ndipo nilipogeuka nikamwona mnyapara. Yeye hakuwa ananitazama mimi wala mzungu. Alikuwa anautazama mpira. Nilipokuwa nimelala, fundi mmoja aliufuata, akaupiga polepole, nao ulikuwa umetulia nyuma yangu, katikati ya marundo ya mataruma.

Mnyapara alingoja mpaka mhandisi alipokwenda kuoga. Kisha akaja karibu, akaninong'oneza kwa Kigogo, lugha aliyonilelea nayo mama yangu, neno moja tu: lala.

Jioni ile nami nilikula nimesimama. Jumapili iliyofuata aliniita tena, nikaenda. Kukaa nilikuwa siwezi, lakini kazi yangu haikuwa ya kukaa.