Lulu za Bi Zuwena

Harufu ya ukwaju uliolowekwa hunipa aibu hadi leo. Wengine wakiisikia hukumbuka uji wa asubuhi. Mimi shingo hunipanda joto, na macho yakaanza kutafuta bakuli la bati ambalo lilikwisha kutupwa zamani. Mimi sasa ni bibi wa wajukuu, nina nyumba yangu na heshima yangu, lakini ukwaju ukiingia jikoni nakuwa tena Kabula wa miaka tisa, mwenye kosa mkononi.

Tulikaa Shinyanga mjini, upande wa stesheni, miaka ya hamsini mwanzoni. Baba alikuwa amefariki, na ndugu zake walikuja na fimbo wakaswaga ng'ombe zizini, kama desturi ilivyowaruhusu. Wakabakiza mmoja, jike jekundu ambaye babu alimpa Mama siku ya kuolewa. Huyo naye, nilisikia wakinong'onezana langoni, wangemrudia baada ya mavuno. Mama aliwasikia pia. Hakulia, hakubishana. Alirudi kwenye cherehani yake akashona pindo mpaka likaisha, lakini nilimjua mama yangu: akishona kimya namna ile, kuna jambo amekwisha kuliamua.

Cherehani ilikaa barazani kwa Bi Zuwena, mjane wa mnunuzi wa ngozi na samli, mtu wa Pangani, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyenukia udi hata siku ya kufua. Alikuwa akifungasha arudi kwao pwani. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, nacho ni kidani cha lulu alichoachiwa na mama mkwe wake, aliyeletewa kutoka Maskati. Sonara mmoja wa mjini alimfuata kila wiki. Alitaka kukikata, kila lulu mbili ziwe jozi ya herini kwa wake za wachimba dhahabu wa Geita, watu ambao wakipata fedha walikuwa hawajui pa kuzipeleka.

"Kidani changu akitawanye kama punje za mahindi!" Bi Zuwena alilalamika. "Bora nikakifukie."

Mama akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Niuzie mimi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipoona Mama hacheki, akauliza, "Wewe Mama Kabula, msichana wa Samuye, lulu za nini?"

"Ng'ombe anaswagwa, Bi Zuwena. Kilicho shingoni kwangu, shemeji gani atakiswaga?"

Basi mzee akaenda ndani, akarudi na kidani ndani ya kitambaa cha pamba. Nilitegemea kitu cha kumeremeta kama vioo vya dukani. Sivyo. Zilikuwa ndogo, hazikulingana, nyingine mviringo, nyingine kama punje ya mtama, na mwanga wake ulikaa ndani kwa ndani kama wa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Bi Zuwena alimpa Mama lulu moja aipitishe taratibu kwenye meno ya mbele. "Inasemaje?" Mama akajibu kwamba inakwaruza, kama mchanga mwembamba. "Ya kioo huteleza," mzee akasema. "Na hizi hakuzipanda mtu. Alizifanya Mungu mwenyewe, watu wakazama kuzitafuta."

Lakini hakumuuzia siku ile. Alimpa sharti. Mama akae nacho mwezi mzima, akivae kila siku, maana lulu ikifungiwa sandukuni hukauka na kufa. Asikivae akipika wala akioga. Asikitie sabuni wala mafuta. Manukato ajipake kwanza, yakauke, ndipo avae. Na jioni akifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, akilaze, asikitundike, uzi usije ukavutika. Mwezi ukiisha Bi Zuwena angekikagua. Kikiwa kizima, atauza. Kikiwa kimeharibika, kitakwenda kwa sonara, na Mama atalipa hasara.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Mama akampeleka jike jekundu mnadani. Fedha akazifunga fundo kwenye pindo la kanga, na fundo likalala naye kila usiku.

Habari zilifika kijijini Samuye kabla ya vumbi la mnada kutulia. Bibi, mama yake Mama, akaja kwa miguu akiwa na kibuyu cha maziwa na hasira za kutosha ukoo mzima. "Mayu!" alipiga kelele, akimwita binti yake "mama" kama tunavyofanya Wasukuma. "Ng'ombe anazaa. Hizo shanga zako zitazaa nini? Zitakamuliwa?" Mama alimpa kigoda na uji. Bibi akanywa uji wote, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Alikaa wiki nzima, na kila asubuhi alimwangalia Mama akifuta lulu moja moja. Siku ya tano nilimsikia akiguna, "Kumbe nazo zinachungwa." Kwa Bibi, hayo yalikuwa maneno ya upole.

Sasa nifike kwenye bakuli.

Bibi alivaa bangili za shaba, nzito, kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Kila zikififia alizivua akaziloweka kwenye maji ya ukwaju, ambao kwetu ni bushishi, akazisugua kwa majivu, zikatoka zikiwaka kama jua la saa nne. Niliamini hakuna kitu duniani kisichong'arishwa na bushishi. Siku moja kabla ya ukaguzi, Mama alikuwa ametumwa vitambaa dukani, Bibi amesinzia, bangili zimo bakulini, na kidani Mama amekilaza kwenye kitambaa chake kisipate vumbi la njiani. Nikavitazama vile vilulu visivyometameta, nikamwonea Mama huruma. Kesho mzee angeviona vimefifia hivi! Nikalaza kidani ukingoni mwa bakuli, nusu ndani, nusu nje, kwa sababu nafasi haikutosha. Namshukuru Mungu kwa udogo wa lile bakuli.

Sijui nilingoja muda gani. Nilikuwa na subira ya mtu mwenye nia njema. Nilipokitoa, lulu nne za katikati zilikuwa nyeupe butu, kama maganda ya yai. Nikazifuta. Nikazipulizia. Nikazisugua kwa gauni langu, zikazidi kuwa butu. Ndipo nikapiga ukelele uliomwamsha Bibi na kuku wote.

Mama aliporudi, Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Mzee haoni vizuri. Kitandaze juu ya kitambaa, mpe jioni jioni, hatajua. Ng'ombe amekwisha kwenda, mwanangu. Utabaki na nini?"

Na kweli, angebaki na nini? Lulu zingekwenda kwa sonara, fedha za jike zingelipa hasara, na shemeji zake wangekuja baada ya mavuno wakute mwanamke asiye na kitu. Nilisubiri kipigo kwa hamu, kwa sababu kipigo huisha. Mama alikifunga kidani ndani ya kitambaa chake.

"Hiki nitakivaa mpaka nife," akamwambia Bibi. "Siwezi kuvaa uongo shingoni." Kisha akanigeukia. "Nawa uso, Kabula. Tunakwenda sasa hivi, na utasema mwenyewe."

Nikasema mwenyewe. "Shikamoo Bi Zuwena" ilitoka vizuri, yaliyofuata yalitoka na makamasi. Mzee alinisikiliza, akavuta kiti dirishani, akapitisha vidole kwenye lulu zote, moja baada ya moja. Kwa zile nne, alisimama.

"Kwa nini ulifanya?"

"Nilitaka zing'ae ili umuuzie Mama."

Akachukua mkasi akakata uzi. Nililia kwa sauti, nikijua ndiyo safari ya kwa sonara imeanza. Lakini Bi Zuwena alimwaga lulu kwenye sinia lenye kitambaa, akatoa uzi wa hariri, akanivuta mkono. "Nyamaza, shika hapa. Kila lulu na fundo lake, ili uzi ukikatika ianguke moja tu. Fundo la kwanza limelegea. Fungua. Rudia." Tukafunga mafundo mpaka jioni. Zile nne akazihamishia nyuma, karibu na kishikizo, mahali nywele na ukosi hufunika. Tulipofika mwishoni kabisa, akaninyang'anya uzi. "Hizi zilizobaki niachie mimi." Akanipa mgongo akamalizia peke yake.

Mama akatoa lile fundo la kanga. Bi Zuwena alilipokea, akalitia mfukoni bila kulifungua. Jumamosi akapanda gari moshi, na hatukumwona tena.

Baba wadogo walikuja baada ya mavuno. Walikuta zizi tupu na Mama amesimama mlangoni, kidani shingoni. Walimtazama, wakaona shanga, wakaondoka na fimbo zao. Bibi alicheka siku tatu, na toka siku hiyo akaziita lulu "kundi letu". Mama hakuziuza kamwe. Kujua kwamba akitaka anaweza, kulimtosha kusimama wima.

Miaka mingi baadaye uzi ulichoka, nikakaa kukitunga upya, Mama akiwa mzee pembeni yangu. Nikafika kwenye kishikizo. Nilizikuta nne zangu. Lakini kando yake kulikuwa na tatu nyingine, za manjano, zimelika upande mmoja, kovu la zamani kuliko ukwaju wangu. Nikaziinua puani. Labda ni mawazo yangu tu, lakini nilisikia udi.

"Mama, hizi tatu sikuziharibu mimi."

"Najua. Aliziharibu Bi Zuwena mwenyewe, nadhani alipokuwa bibi harusi, kwa manukato. Niliziona wiki ya kwanza ya ule mwezi."

"Uliziona! Na siku ile ulinipeleka nikaungame, hukumtajia?"

Mama alinipokonya uzi, akafungua fundo nililofunga vibaya. "Tulikwenda kusema kosa letu," akasema. "Lake lilikuwa lake. Rudia hapa, limelegea."

Nikarudia. Sasa kidani ni changu, na zile saba hulala nyuma ya shingo yangu, juu ya ngozi, ambapo mvaaji peke yake huzijua.