Jicho Zima Chini ya Plasta

Siku mchanga ulipomwingia binti yangu jichoni, stendi ya Masasi, nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake. Alikuwa na miaka mitano. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akaanza kulia, kisha akaita, "Baba, uko wapi?"

"Si mimi huyu hapa!"

"Wapi?"

Akanyoosha mkono wa pili, akapapasa hewa. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kabisa, zuri, limenielekea.

Jicho hilo tulikuwa tumelichinjia jogoo kushukuru kupona kwake. Binti yangu alizaliwa na doa jekundu kwenye kope lake la juu. Baada ya miezi michache likawa uvimbe wa rangi ya bibo la mkorosho lililoiva, kope likalemewa, jicho likafungika. Tukashuka naye kutoka Newala hadi kwa daktari wa macho Masasi. Akatuambia si saratani, ni mishipa midogo ya damu iliyojikusanya. Uvimbe utakua kwa muda, kisha utasinyaa wenyewe. Akatoa dawa ya kuuharakisha usinyae. Halafu akasema jambo la pili: jicho lisilotumika halijifunzi kuona. Kope likianza kufunguka, tuzibe lile jicho zima, la kulia, kwa plasta saa kadhaa kila siku, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi.

Mimi na shahada yangu ya historia tulisikia jambo la kwanza tu. Nilirudi Newala nikawahutubia majirani kuhusu mishipa ya damu kana kwamba niliigundua mimi. Kuipata plasta hakukuwa tabu. Soko huria lilikuwa limetuletea maduka ya dawa kila kona. Mke wangu alibandika kila asubuhi, mtoto akalia na kujigonga kwenye ndoo.

Siku moja nilikwenda naye kwenye foleni ya maji. Mama mmoja mtu mzima, jirani yetu, akamkazia macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, jicho linaloumwa si la kushoto?"

"Ndilo."

"Na ulilofunika?"

"La kulia."

Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu akivunjika mguu wa kushoto atafunga bandeji wa kulia! Chuo kikuu hicho!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Maelezo nilikuwa nayo. Badala yake nikaibandua plasta pale pale. Mtoto akanyamaza, yule mama akasema, "Afadhali," nami nikajiona baba mwenye huruma. Tangu siku hiyo, mke wangu akienda shamba nilikuwa naibandua, na kuirudisha kabla hajafika.

Uvimbe ukasinyaa kama tulivyoahidiwa. Alipofika miaka minne kope lilikuwa laini, bila kovu. Ndipo alipochinjwa yule jogoo.

Pale stendi mke wangu alimsafisha mchanga, kisha akamziba jicho la kulia na kumwonyesha vidole viwili. "Vingapi?"

"Vidole gani, mama?"

Mke wangu akanigeukia. "Nilipokuwa shamba, plasta ilikuwa inakaa?"

Nikamwambia ukweli, katikati ya magunia ya korosho na makondakta wanaoita abiria. Alimbeba mtoto, akaliacha basi letu liondoke, akaelekea kwa daktari.

Daktari alisema tumechelewa, ila tujaribu. Safari hii nilibandika mimi, kila siku, mwaka mzima, na aliyenicheka nilimwacha acheke. Jicho lilianza kuona mwanga wa mlangoni, baadaye likamwona mtu aliyesimama mlangoni. Halikusonga zaidi. Daktari akatuambia lilipofika ndipo litakapobaki.

Jioni ile, nikiwa sijajua nimwambieje, binti yangu alinisogelea na plasta yake kwenye jicho la kulia mpaka pua zetu zikakaribia kugusana.

"Nakuona, baba," akasema. "Sura tu ndiyo bado."