Kichwa Kilichosukwa Nusu

Asubuhi ile dada yangu alinitumia ujumbe kutoka Bukavu: mama hali chakula tena, haongei sana, ila ameomba nimrekodie ule wimbo niliokuwa nikiuanzisha kwenye kwaya. Nikamjibu kwamba nitauimba saa sita, saluni ikitulia. Karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kurudi nilikotoka, kwa hiyo sauti ndiyo kitu changu pekee ambacho kingeweza kufika kitandani kwake. Nami niliiahirisha kwa sababu niliona aibu kuimba mbele ya wateja.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha mama mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki anayevuka jiji kutoka Randburg hadi mtaani kwetu Bellevue kusukwa, mwenye saluni alipomwita nje akachague rangi ya rasta, nywele za kusukia. Rangi alishaichagua. Waliporudi, mwenye saluni akaninyooshea mkono.

"Leta telefone, niiweke chaji."

Chaji ilikuwa tele. Nikampa tu, maana mwenye saluni habishiwi.

Kisha yeye, ambaye televisheni yake haijui ila mahubiri, akaweka filamu ya Kifaransa kuhusu maisha ya mwimbaji mmoja mashuhuri wa huko. "Wewe ndiye ulisoma," akaniambia. "Ututafsirie."

Nilikasirika. Vidole vinasuka, mdomo unatafsiri, na saa sita inakaribia! Nilipokwenda chooni, mwenzangu anayeosha nywele alinifuata hadi mlangoni. Nilipoomba simu, nikaambiwa bado. Hata umeme, unaokatika Bellevue bila kuombwa, siku ile uligoma kukatika.

Basi nikatafsiri. Mwanamke akaimba mitaani, akapata jina, akapata na wanaume wasio na maana. Hapo niliwaongezea matusi yangu mwenyewe, maana filamu ilikuwa na adabu mno. Hakuna aliyecheka. Mteja wangu, ambaye kwa kawaida hucheka mpaka ninamchoma kwa kitana, safari hii kichwa chake hakikutikisika.

Karibu na mwisho, meneja wa yule mwimbaji anapokea simu nyuma ya jukwaa. Anaambiwa kaka wa mwimbaji amefariki. Anakata simu, anamfunga mwimbaji vifungo vya gauni na kumwambia watu wanamsubiri. Nikanyamaza, nikingoja waniulize anasema nini, kama walivyouliza kila neno tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wanatazama sakafu.

Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu, wala si ya kila mdomo. Mfiwa hushughulishwa kwanza, mpaka wazee wakusanyike, waje wamkalishe na kumwambia. Naijua kazi hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumtwangisha jirani sombe, majani ya muhogo, ya watu ishirini ili asitoke uani.

Niliogopa. Sikutaka tena simu yangu, wala sikutaka filamu iishe. Nilisuka polepole, nywele chache chache, kwa kuwa maadamu hakuna aliyesema, mama alikuwa bado ananisubiri. Lakini majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye kioo cha televisheni.

"Ni mama?" nikauliza.

Mwenye saluni akazima televisheni. Kichwa cha mteja kilikuwa mikononi mwangu, na nilikisikia kikiinama, mara moja, taratibu.

Wazee wa kanisa walipofika walinikalisha na kuniambia upya, kama desturi inavyotaka. Mama amefariki saa nne; dada akawapigia wao, nao wakampigia mwenye saluni. Saa nne mimi nilikuwa nagawa nywele mafungu, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu.

Mteja wangu alikuwa amejifunga kitambaa juu ya ile nusu yake, ameshika mkoba, anataka kuniaga. Wazee nao walisema twende nyumbani, watu wanakuja.

"Kaa, mama," nikamwambia.

Nikaisuka nusu iliyobaki, na wimbo wote nikauimba kwa sauti, mbele ya wateja.