Kitanda cha Mama Juu ya Mpaka

Wadi yetu ya zamani ilikuwa ndogo hivi kwamba mgombea akianza kuwaamkia wapiga kura wake baada ya sala ya alasiri, kabla ya magharibi amewamaliza, na kahawa ameshakunywa mpaka tumbo linamlilia. Ilikuwa ni mitaa ya ndani ya mji wa Lamu tu, njia, au ndia kama tunavyoziita, za kupishana punda wawili kwa taabu. Watu wa Mkokoni walituonea wivu. Wao kumwona diwani wao ilikuwa safari ya boti na siku nzima kupotea. Sisi wetu tulimkamata asubuhi akinunua mahamri, tukamuuliza mtaro utazibuliwa lini. Ama alijibu, ama alitoroka bila mahamri.

Leo wadi hiyo haipo. Ilikatwa, ikagawiwa wadi mbili za jirani, na vijana wa sasa ukiwatajia wanadhani unawatungia hadithi. Kuna mtu aliniambia juzi, "Aa, ile ilikuwa wadi ndogo tu." Moto ulinipanda. Ndogo kwa nani? Mimi mama yangu nusura augue kwa ajili yake.

Nyumba yetu na nyumba ya shangazi, dada wa marehemu baba, zinatazamana. Ndia iko katikati, na juu ya ndia pana wikio, yaani chumba kilichojengwa kama daraja kutoka ghorofa ya nyumba hii hadi ghorofa ya nyumba ile, watu na punda wakipita chini yake. Mwanamke akitaka kumwona mwenziwe hana haja ya kuvaa buibui wala kushuka ngazi. Mama alilala humo kwa ajili ya upepo. Kila asubuhi shangazi alipita kando ya kitanda chake kuja kunywa chai yetu, ati yake haikukolea.

Mama na shangazi ni mawifi, na mawifi wa kwetu wasipotaniana watu huuliza kuna msiba gani. Shangazi alimwambia mama kwamba kaka yake alimwoa gizani. Mama alimjibu kwamba kaka yake alikimbilia kuoa ili apate kula chakula kilichoiva. Waliyasema hayo tangu mimi ni mchanga mpaka nikawa na wajukuu, na hakuna siku waliyochoka.

Sasa siasa. Mji wetu ulikuwa na kambi mbili, na tangu kura yao ya kwanza wawili hawa hawajawahi kuwa kambi moja. Siku ya kura walijifukiza udi, wakavaa, wakatoka wameshikana mikono, kimya kabisa, kwa adabu ya wanaokwenda kuposa. Kurudi ndiko kulikuwa vita. Mtaa mzima uliwasikia. "Umekwenda kumpa yule mvivu!" "Na wewe umempa mwizi!" Marehemu baba alikuwa akiwacheka.

"Nyinyi mnakwenda kufutana tu," aliwaambia. "Mngekaa nyumbani mkapika, si jumla ingekuwa ile ile?"

"Ndiyo raha yake," mama akamjibu. "Wewe hukuyuwa?"

Basi likaja hilo la mipaka. Tuliitwa kwenye baraza la chifu, tukatandaziwa ramani ukutani, na afisa mmoja akapitisha fimbo yake polepole katikati ya mji. Niliifuata fimbo ile kwa macho: msikiti, kinu cha zamani, duka la vitambaa, halafu ikaingia kwenye ndia yetu na kutoka upande wa pili. Yaani mpaka unapita chini ya wikio letu. Nyumba yetu imeangukia wadi ya huku, ya shangazi wadi ya kule, na vituo vya kura viko mbalimbali.

Nilirudi nikamweleza mama. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nitakwenda na nani?" akauliza.

"Na mimi, mama. Si nipo?"

"Wewe una haraka. Na kura yako siijui, hunambii. Mimi nimezoea kwenda na mtu ninayejua anakwenda kunifuta." Akageukia ukutani. Chakula cha usiku alikigusa tu. Nilikasirika, nasema kweli, nikaona ni ushamba wa wazee. Lakini siku zilipozidi nikaona hachezi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, kwenda kupiga kura na wifi yake, na magoti yake yalikuwa yanamwambia huenda uchaguzi huu ndio wa mwisho.

Tukapata tumaini. Karani wa uandikishaji alikuwa akipita majumbani kwa wazee wanaopata taabu kushuka ngazi. Alikuwa mwalimu kutoka bara, mtu mpole, shati limemlowa jasho kwa ngazi zetu. Tukamkaribisha wikioni, tukampa sharubati. Shangazi naye akaja akaketi kwenye kiti.

"Mama, unaishi nyumba gani kati ya hizi mbili?" karani akauliza.

"Mimi nalala hapa," mama akasema, akipiga godoro. "Huo mpaka wenu uko wapi?"

Karani akachungulia dirishani, akaitazama ndia, akakitazama chumba. "Mpaka uko chini ya kitanda chako, mama."

"Basi kichwa changu kiko upande wa wifi yangu. Na kura hupigwa kwa kichwa, si kwa miguu."

Karani alicheka mpaka akaweka glasi chini. Alitaka kumsaidia, lilikuwa wazi usoni mwake. Akafikiri, akasema, "Tufanye hivi. Ukitoka nyumbani, unatokea mlango gani?"

Mama akafurahi, kwa kuwa jibu lilikuwa la kweli kabisa. Ngazi za shangazi ni pana na za pole, na tangu magoti yaanze kumsumbua alikuwa akishukia huko. "Natokea mlango wa wifi yangu," akasema.

Karani akamgeukia shangazi. "Ni kweli, bibi?"

Lahaula! Swali gani hilo la kumuuliza mtu mbele ya wifi yake? Ulimi wa shangazi ulikwenda wenyewe. "Huyu? Apite mlango wangu? Mlango wangu wapita watu wa heshima! Huyu hajakanyaga kizingiti changu tangu kaka yangu alipokosea ndia akamwoa!"

Mimi nikacheka. Mama akacheka, akamrushia mto. Karani hakucheka. Kwake yeye bibi mzima alikuwa ametoa ushahidi. Akabonyeza mashine yake, akasema kwa masikitiko, "Basi utapiga kura upande wa huku, mama. Pole sana."

"Ala! Bwana, nilikuwa natania!" Shangazi alisimama. "Hupita kwangu kila siku! Ngazi zangu amezimaliza yeye!"

"Imeshaingia, bibi. Na sasa sijui nichukue neno lipi." Hakuwa mtu mbaya. Alituomba radhi mpaka mlangoni, sharubati hakuimaliza.

Shangazi akaketi kitandani kwa mama akalia. Sijawahi kumwona akilia vile hata tulipomzika baba, maana siku ile alikuwa na kazi ya kutuliza wengine. "Mdomo huu," akasema. "Mdomo wangu huu." Mama akamwambia, "Haidhuru." Siku zote angemwambia aukate huo mdomo awape paka. Aliposema haidhuru, ndipo nilipojua imemdhuru. Wiki nzima hawakutaniana, na mimi niliyekuwa nikiwapigia kelele wanyamaze nikatamani watukanane.

Siku ya kura, baada ya sala ya alfajiri, nikasikia udi. Shangazi alikuwa amesimama wikioni na buibui lake, amevaa viatu vya idi.

"Inuka," akamwambia mama. "Twenda kwako kwanza, halafu twenda kwangu. Hakuna sheria inayokataza mtu kukaa kwenye baraza la nje akamngoja wifi yake."

Wakatoka wameshikana mikono, kimya, mimi nyuma na chupa ya maji. Kwenye kituo cha mama walimpitisha mbele kwa uzee wake. Shangazi akangoja nje kwenye baraza la nyumba ya watu, akipepewa na wenyeji. Mama alikawia humo ndani mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Alipotoka, kidole kina wino, akamshika wifi yake mkono. Tukaenda polepole mpaka kituo cha shangazi, upande wa kwenye mchanga. Shangazi akaingia, akatoka haraka, uso umemchangamka. Tukageuza kurudi.

"Umempa nani?" mama akauliza.

"Wa kambi yangu, kama kawaida. Ulidhani nitabadilika kwa ajili ya fimbo ya afisa?"

Mama akasimama katikati ya ndia. Hamali mwenye punda akasimama nyuma yetu, akangoja.

"Mimi nimempa wako pia," mama akasema.

"Wangu?"

"Wa kambi yako, huku kwetu. Niliishika ile kalamu nikaogopa. Miaka yote nikikosea najua wewe uko nyuma yangu wanifutia. Leo ningekosea peke yangu. Nikasema, basi na nimpigie wifi yangu yake, maana hayupo." Kisha akamaka kwa sauti iliyofika msikitini: "Kumbe wewe nawe umempa wako! Mmepata mbili! Rudi! Rudi ukaifute!"

Shangazi alicheka mpaka akaketi kwenye daka, kibaraza cha mlangoni mwa watu, ushungi umemwanguka, machozi yanamtoka. Hamali alicheka bila kujua anacheka nini. Mama hakucheka hata kidogo. Alikuwa amekasirika kwa furaha, macho yanang'aa, kidole cha wino amekinyoosha. "Mwizi wee! Mwizi wa kura! Uchaguzi ujao nitakufuta mara mbili, wallahi!"

Shangazi akamshika kile kidole, akakivuta, akamketisha kando yake.

"Uwe hai tu, wifi yangu," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Uye unifute."